Resista haiungui bure
(Mazungumzo na madereva na mafundi chipukizi, Njombe)

Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma mikono mifukoni, najua ni baridi, lakini mtaitoa muda si mrefu maana nimekuja na vyuma vya kushika.

Nimeombwa niseme habari za umeme wa gari. Umeme wa gari ni msitu, nikiuingia wote tutatokea upande wa pili usiku. Nimechagua mti mmoja tu: ile feni iliyojificha ndani ya dashibodi, inayopuliza hewa ya moto, ya baridi, na ya kwenye kioo. Gereji tunaiita blowa, wengine wanasema feni ya AC, wengine mota ya hita. Ni kitu hicho hicho kimoja. Ana jamaa yake mdogo anayeitwa resista. Waliokaa darasani walimsoma kwa jina la kikinza.

Ningekuwa naongea Dar es Salaam, ningechagua kingine. Kule feni ikifa mwenye gari anashusha kioo, anasonya, safari inaendelea. Hapa kwetu mwezi wa Sita na wa Saba, saa kumi na moja alfajiri, watu kumi na wanne wanapumua ndani ya Hiace moja, madirisha yote yamefungwa, ukungu nje umekaa barabarani kama ng'ombe asiyetaka kupisha. Kioo cha mbele kinaziba. Nimewahi kupanda gari ambalo konda alikuwa na kazi mbili, kudai nauli na kumfutia dereva kioo kwa sweta. Tulicheka mpaka lilipotokea lori la mbao mbele yetu. Hatukucheka tena.

Kwa hiyo feni hii kwetu si anasa. Ni sehemu ya macho ya dereva.

Sasa ipo wapi? Magari yetu mengi yametoka Japani, usukani kulia, basi feni iko kushoto, upande wa abiria, nyuma au chini ya ile droo ya dashibodi mnayowekea kadi na karanga. Ukipiga magoti mlangoni upande wa abiria na kuinua kichwa kuangalia juu, pale miguu ya abiria inapofika, utaona duara jeusi la plastiki, upana wake kama sahani ya chai, lina soketi ya nyaya mbili. Hiyo ndiyo mota. Ndani yake imebeba gurudumu lenye mapezi membamba mengi, kama kizimba cha ndege. Lori lenye usukani wa kushoto, geuza maneno yangu: tafuta kulia. Na Hiace nyingine zina feni ya pili kwa ajili ya abiria wa nyuma. Mteja akisema feni yangu imekufa, muulize ipi, kabla hujafungua dashibodi ya watu bure.

Hewa inaingia kupitia yale matundu yaliyo chini ya wipa, inapita kwenye kichujio kama gari linacho, feni inaivuta na kuisukuma kwenye friji ya AC, halafu kwenye hita yenye maji ya moto ya injini, ndipo inatoka kwako. Resista amekaa humo humo ndani ya njia ya hewa, karibu na feni. Kwa nje unaona kibao kidogo chenye skrubu mbili na soketi ya nyaya kama nne. Wengi wanadhani amewekwa pale kwa kukosa nafasi. Hapana, amewekwa pale apigwe na upepo. Shikeni hilo, nitalirudia.

Nimefungua mmoja, huyu hapa, mpitishieni. Mnaona nyaya tatu zilizojikunja kama springi ya kalamu? Hizo ndizo zinazopunguza mwendo wa feni. Ukiweka namba 1, umeme unapita springi zote tatu, unachoka, feni inazunguka polepole. Namba 2 unapita mbili, namba 3 moja. Namba 4 haupiti hata moja, unakwenda wote kwenye mota. Umeme uliopunguzwa haupotei, unageuka joto. Fanyeni hesabu ndogo: ampea 4 zikipita kwenye ukinzani wa omu 2, ni 4 mara 4 mara 2, wati 32. Hiyo ni karibu na pasi ndogo ya kuchomelea risasi, imewashwa ndani ya dashibodi yako ya plastiki kutoka hapa mpaka Makambako. Haiunguzi kwa sababu ya upepo wa feni. Na ikitokea upepo umekata, pembeni ya zile springi kuna kidude kidogo kilichobanwa, hicho ni fyuzi ya joto. Moto ukizidi, kinakata.

Kutokana na hapo unaweza kupima gari kwa sikio kabla hujashika bisibisi. Mteja anakwambia, fundi, feni inafanya kazi namba 4 tu. Huyo usimtafutie mbali, njia ya springi imekatika, mara nyingi ile fyuzi ya joto. Akisema imekufa namba 1 peke yake, springi moja imekatika. Akisema 1, 2 na 3 zipo ila 4 haipo, mwache resista apumzike, angalia swichi na waya wake, au rilei, ile swichi inayowashwa na umeme, ya mwendo wa juu kwa magari yenye nayo. Akisema hakuna kitu kabisa, anza na fyuzi kubwa, kwenye Toyota nyingi imeandikwa HTR, yaani hita, na mara nyingi ni ya ampea 40, kisha rilei, kisha mota yenyewe.

Akisema feni inapiga kelele kama inasaga mahindi, kuna kitu kimeingia. Hapa kwetu ni sindano za misonobari. Gari linalala chini ya mti, majani yanaanguka kwenye matundu ya wipa, yanateremka. Mwaka jana nilifungua Noah ya mwalimu mmoja nikakuta familia: panya na watoto watano, wamejengewa kiota kwa sufi ya chini ya kapeti, na pembeni akiba ya punje za mahindi iliyopangwa vizuri kuliko ghala langu. Mwalimu alikuwa analalamika gari linanuka bisi akiwasha hita.

Sasa nifike kwenye kilichonileta. Kuna kosa tunalifanya mafundi, na mimi nimelifanya, tena si mara moja.

Miaka ya nyuma alikuja dereva wa Hiace, feni inafanya namba 4 tu. Nikajiona bingwa. Dakika ishirini nimetoa resista, nimeweka mwingine wa mtumba, namba zote zinaimba, nimelipwa, tumeagana. Baada ya wiki tatu karudi, ugonjwa ule ule. Nikasema ah, spea ya mtumba hiyo, nikaweka mpya ya dukani. Baada ya mwezi karudi, safari hii hata hakusalimia. Nikachomoa soketi ya resista nikaona kitu ambacho ningepaswa kukiona siku ya kwanza: plastiki yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi, tundu moja limeyeyuka limekaa kama mdomo uliopinda, na waya ulioingia pale umekakamaa, ukiukunja unavunjika kama kijiti. Harufu unaijua, ile ya samaki aliyeungua.

Mzee mmoja aliyenifundisha kazi alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake. Akaniuliza, "Kijana, huyo resista umemwua mara tatu. Umeshamuuliza anayemuua ni nani?"

Nikatoa mota. Nikaishika kwa mkono nikazungusha lile gurudumu. Feni nzima ukiizungusha kwa kidole inaendelea yenyewe kidogo, inasita taratibu. Ile ilisimama pale pale nilipoiachia. Bushi, zile zinazobeba mhimili wake, zilikuwa zimekauka, zimeingia kutu, kaboni zinazoupitishia umeme zimebaki vipande. Mota nzito inakula umeme mwingi. Ya gari dogo ikiwa nzima, namba ya juu inakula kama ampea 15 hadi 20. Ikiwa nzito inapanda mpaka 25 na zaidi. Fyuzi ya ampea 40 haioni tatizo hapo, kwake bado ni salama. Anayeumia ni resista na soketi yake. Tena mota nzito inazunguka polepole, maana yake upepo wa kumpoza resista umepungua saa ile ile anapopata joto zaidi. Na ikikwama kabisa ukiwa umeweka namba 1, umeme unaendelea kupita springi zote bila tone la upepo.

Kichujio kilichoziba kinafanya kazi ya namna hiyo hiyo. Hakiiongezei mota uzito, lakini kinamnyima resista hewa. Nimeona vichujio hapa Njombe vimekaa tangu gari lishuke bandarini, vina vumbi jekundu la kuotesha mchicha.

Mtu atasema, fundi unatutisha, ni feni tu. Nitawapa mfano wa mbali ambao si wa kijiweni. Uingereza kuna gari la familia, Zafira, kule lilikuwa linauzwa kwa jina la Vauxhall. Mwaka 2015 habari zilijaa kwamba yale ya toleo la B yanawaka moto, na moto unaanzia kwenye dashibodi upande wa abiria. Watu walikuwa wanatoa watoto viti vya nyuma moshi ukiwa umejaa. Mwisho wa mwaka huo kampuni ikayaita magari zaidi ya 220,000 yarudi kufanyiwa kazi. Na ilikuwa ni hawa hawa wawili wetu, feni na resista. Maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba ile fyuzi ya joto imerekebishwa isivyopaswa. Mwaka 2016 wakayaita mara ya pili, na viongozi wa kampuni wakaitwa mbele ya kamati ya bunge inayosimamia uchukuzi. Hapo ndipo ilipoelezwa zaidi: unyevu unaingia, mota inapata kutu, inakuwa nzito, inampasha moto resista.

Bushi, kutu, unyevu. Mnaona? Ni ile Hiace yangu, mara laki mbili.

Na sasa niseme kwa sauti, hata kama kuna mtu nitamkwaza. Kuna mafundi hapa mjini, siwataji, wakikuta ile fyuzi ya joto imekata, wanaichomelea kipande cha waya juu yake, wanamrudishia mteja gari namba zote zinafanya kazi, wanachukua hela ndogo, wanaitwa wataalamu. Umeondoa kitu pekee kilichokuwa kinasimama kati ya springi nyekundu na plastiki. Nikikukuta unafanya hivyo kwenye gereji yangu, bisibisi unaacha mezani unaenda nyumbani. Mwingine anabadilisha fyuzi ya HTR anaweka kubwa zaidi, au anafunga karatasi ya sigara. Huyo sina maneno naye.

Haya, kazi yenyewe. Ni nyepesi kuliko mnavyodhani.

Zima gari, fungua waya wa hasi wa betri, halafu subiri. Vitabu vya Toyota vinasema angalau sekunde 90 kabla ya kufanya kazi karibu na mfuko wa hewa, ule unaofumuka gari likigonga, na mfuko wa abiria uko juu ya hiyo droo unayotaka kuitoa. Ukiona soketi ya njano, ni ya mfuko huo, si yako, usiiguse. Kisha fungua droo, toa kila kitu, na hapa mtakutana na historia ya familia ya mteja, msisome barua za watu. Pembeni ya droo mara nyingi kuna kamba au kishikizo kidogo, kichomoe. Bana mbavu mbili za droo ndani, inateremka, inatoka kwenye bawaba zake. Kama kuna kichujio utakiona kinakutazama. Kitoe, kipeleke kwenye mwanga.

Chomoa soketi ya mota. Kabla ya kutoa chochote, rudisha betri kwa muda, washa swichi, weka namba 4, pima kwenye soketi kwa mita. Ukipata volti 12 na ushee kati ya waya mbili, na mota ilikuwa haizunguki, mota imekufa. Kwa mkato, ikiwa bado imeunganishwa, igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka ikazunguka, kaboni zimekwisha. Usimwambie mteja umeiponya kwa kuigonga, itakufa tena kesho akiwa mlimani. Kama hupati umeme, jihadhari na jambo moja: kwenye Toyota nyingi za zamani mota inapata chanya moja kwa moja kutoka rilei, na resista na swichi wako upande wa hasi. Ukipima kila kitu kwa kugusa bodi ya gari utachanganyikiwa. Pima waya kwa waya.

Resista mpime akiwa nje, betri imefunguliwa. Weka mita kwenye omu, gusa pini mbili mbili. Unatafuta namba ndogo, omu moja, mbili, tatu. Ikikaa wazi bila kusoma kitu, hapo pamekatika. Mwangalie na macho pia, rangi ya bati ikiwa bluu kama shingo ya njiwa, amepata joto. Usimuunganishe ukamwacha anawaka akiwa nje kwenye meza au juu ya kapeti ili uone kama anafanya kazi. Nimesema anahitaji upepo. Kuna kapeti moja mjini hapa ina alama yake mpaka leo, na mwenye gari bado ananisalimia kwa mashaka.

Mota inatoka kwa skrubu tatu, bisibisi ya nyota fupi inatosha, wakati mwingine soketi ndogo. Skrubu ya tatu, ile ya ndani, ndiyo itakayokufundisha subira. Ikitoka, izungushe, sikiliza, angalia chini ya mapezi kama kuna matope. Matope maana yake maji yameingia, rudi kwenye matundu ya wipa uangalie njia ya maji imeziba majani. Ukiweka mota mpya pale bila kuzibua, umeiogesha.

Mpya au mtumba? Mimi resista nanunua mpya kama ipo. Mota ya mtumba kutoka Japani naikubali, lakini naizungusha kwa kidole mbele ya muuzaji na naomba aiwashe kwenye betri yake. Angalia upande inakozunguka na idadi ya pini, maana zinazofanana kwa sura hazifanani kwa roho. Na soketi iliyoungua usiirudishe. Kata, weka soketi nzima ya waya mnene ule ule, banisha vizuri. Soketi iliyolegea inatengeneza joto lake yenyewe, resista mpya hatamaliza mwaka.

Kwa magari yenye AC ya kujiendesha, ile unayoandika nyuzi joto kwenye kioo kidogo cha dashibodi, usitafute springi. Pale kuna kidude cha kielektroniki chenye mapezi ya alumini, na kwa baadhi kimejengwa ndani ya mota yenyewe. Hiyo usiipelekee umeme wa betri kwa kubahatisha nyaya.

Nimeona mkono wa mama pale. Anasema feni yake inapuliza vizuri namba zote lakini hewa ni baridi, na fundi amemwambia abadilishe mota. Mama, mota haipashi hewa joto, inaipuliza tu. Muulize fundi wako kama alishawahi kutoa themostati ya injini, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Hii tabia tuliipokea kutoka kwa mafundi wa joto la Pwani, kutoa themostati ili gari lisichemke. Hapa Njombe injini isiyo na themostati haipati moto mpaka unafika, na hita inakupulizia hewa ya friji. Pima kiwango cha maji pia. Mota yako iache ilivyo.

Na kwa ajili ya ule ukungu wa kioo, dereva, bonyeza alama ya kioo cha mbele, weka hewa ya nje badala ya kuzungusha ya ndani, washa na AC pamoja na hita. AC inakausha hewa, hita inaipasha. Watu wanaogopa kuwasha AC kwenye baridi kana kwamba wataganda.

Basi. Ile Noah ya bluu pale droo yake imeshatolewa, betri imefunguliwa tangu nianze kuongea, kwa hiyo sekunde 90 zimepita mara nyingi. Inafanya namba 4 tu, sijaigusa. Wawili waje mbele, mmoja ashike tochi. Na kabla hujafika kwenye resista, weka kidole kwenye hilo gurudumu, lizungushe, utuambie linasimama vipi.